Kidole Kinywani na Herufi ya Siin



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, juma lililopita niliahidi kuendelea na mlango wa mirathi. Mirathi itangoje. Imenifikia barua kutoka Kivaa, huko Masinga katika kaunti ya Machakos, na swali lililomo kwa mtazamo wangu halifai kuwekwa, kwani kila mwezi unaopita unazidisha ugumu wa jibu lake.

Mwandishi wa barua ni bibi wa Kikamba aliyesilimu Mombasa alikoolewa, akaishi huko zaidi ya miaka ishirini, na mumewe alipotangulia mbele ya haki akarejea kwao. Binti yake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani. Aliondoka akamwachia mwanawe wa kike akiwa na miaka miwili na nusu. Sasa mtoto ana miaka sita na ushei, na angali ananyonya kidole gumba cha mkono wa kushoto, usiku kucha, na mchana kila apatapo nafasi. Meno ya juu, asema bibi, yametokeza mbele kama kibaraza. Amempaka shubiri, mtoto akairamba na kuendelea. Amempaka pilipili, mtoto akajipangusa macho, na usiku huo nyumba nzima haikulala. Jirani naye amemtia hofu kwamba mtoto anayenyonya kidole humvutia mamake mkosi huko aliko. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo lililonishika zaidi. Kwa Kikamba bibi huitwa Susu. Mjukuu wake humwita Thuthu, na wenzake madrasani wameligeuza jina hilo kuwa kicheko. Anauliza: hii ni adabu mbaya, ni maradhi, au ni mkosi kweli?

La mkosi nalimaliza hapa hapa. Kuamini kisirani ni katika mambo ya zama za ujahilia ambayo Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliyakanusha. Riziki ya mama na usalama wake viko mikononi mwa Mola, havining'inii kwenye kidole cha mtoto. Jirani huyo na atubie, na bibi asilipe neno hilo nafasi moyoni, wala mtoto asilisikie kamwe. Mtoto wa miaka sita akiambiwa kwamba anamdhuru mamake aliye mbali, huzuni yake itazidi, na mwenye huzuni atakitafuta kidole zaidi.

Sasa tuanze kwenye asili. Kunyonya si tabia ambayo mtoto huiokota njiani. Ni maumbile aliyotiwa kabla hajaiona dunia. Kwa mashine za kupiga picha ya tumbo la uzazi, madaktari huwaona watoto wakinyonya kidole wangali ndani ya mimba. Ni hekima ya Muumba, kwani mtoto azaliwaye bila ya uwezo huo asingeweza kulipokea ziwa. Na kwa kuwa kunyonya ndiko kunakomletea chakula, joto na sauti ya moyo wa mamake kwa wakati mmoja, mtoto hujifunza mapema kwamba kunyonya ni utulivu. Hata akishiba hunyonya. Akichoka hunyonya, akiogopa hunyonya. Hapo hapana ugonjwa wala utundu, na mama mwenye mtoto mchanga anayenyonya vidole asikose usingizi kwa ajili hiyo.

Watoto wengi huacha wenyewe baina ya miaka miwili na minne, pale mikono inapopata kazi nyingine na ulimi unapopata maneno. Meno ya utotoni ni 20. La kwanza huchomoza aghalabu kwenye mwezi wa sita, na hukamilika mtoto anapokaribia miaka mitatu. Katika kipindi hicho, meno yakisogezwa na kidole, mara nyingi hurudi mahali pake tabia ikikoma. Mfupa wa mtoto ni laini na umbo lake bado liko mbioni. Kwa hivyo madaktari wa meno huwa na subira mpaka mwaka wa nne. Baada ya hapo subira yao hupungua, na mtoto anapofika miaka sita au saba huwa imekwisha, kwa sababu huo ndio wakati meno ya kudumu ya mbele yanapoanza kutoka. Hayo hayana mengine nyuma yake. Mjukuu wa Kivaa yuko kwenye kizingiti hicho hicho, na ndiyo maana nikasema mirathi ingoje.

Inafaa kueleza jinsi kidole kinavyofanya kazi yake, kwani wengi hudhani meno husukumwa na nguvu kubwa. Sivyo. Jino halikushikiliwa na mfupa mithili ya msumari katika mbao. Limeshikwa na nyuzi nyororo, na mfupa unaolizunguka huliwa upande mmoja na kujengwa upande mwingine kila unapopata msukumo mdogo wa muda mrefu. Hiyo ndiyo kanuni wanayoitumia mafundi wa kunyoosha meno kwa nyaya. Kidole hutumia kanuni hiyo hiyo kwa kinyume. Mtoto anayekiweka kinywani dakika kumi kabla ya kulala hapati madhara ya kutajika. Anayelala nacho saa saba au nane, usiku baada ya usiku, anajitengenezea umbo jipya la kinywa bila ya fundi.

Kidole kikipumzika nyuma ya meno ya juu huyasukuma nje, na uzito wa mkono huyalaza ya chini kuelekea ndani. Kwa kuwa kinakaa kati ya safu mbili, meno ya mbele hayapati kukutana. Mtoto akifunga mdomo magego hugusana, lakini mbele hubaki uwazi. Mwambie mtoto wa namna hiyo aume uzi au ncha ya chapati kwa meno ya mbele, utaona hawezi; huipeleka pembeni. Upande mwingine wa kadhia hauonekani kwa urahisi. Anaponyonya, mashavu hubana taya la juu kutoka kulia na kushoto, ilhali ulimi, ambao mahali pake pa kawaida ni juu kwenye kaakaa, umeshushwa na kidole. Taya likibanwa nje lisipate kutegemezwa ndani, huwa jembamba, na kaakaa huinuka kama kuba. Magego ya juu hukosa kuyafunika ya chini. Na midomo isiyofungana mtoto alalapo humfanya avute pumzi kwa kinywa, ufizi ukakauka, na kinywa kikavu ni rahisi kuoza meno. Tena meno yaliyotokeza ndiyo ya kwanza kuvunjika mtoto akianguka, na watoto huanguka kila siku.

Nimefundisha madrasani tangu ujana wangu, na hapa ndipo mahali ninapoweza kusema neno langu mwenyewe. Walimu wa Qur'ani huona athari ya kidole kabla ya daktari. Hazioni kwenye meno, huzisikia kwenye siin. Herufi hii, pamoja na swaad na zaay, hutoka kwa ncha ya ulimi kukaa karibu na meno ya mbele ya chini, na pumzi ikapita kwa wembamba baina ya safu mbili za meno. Ndiyo maana wanazuoni wa tajwidi wakaziita herufi za mluzi. Thaa hutoka mahali pengine: ncha ya ulimi hufika kwenye ncha za meno ya juu. Sasa mtoto mwenye uwazi mbele, ulimi wake hauna ukuta wa kuuzuia. Unapotaka kusimama nyuma ya meno, unateleza na kuchungulia nje, na siin inazaliwa ikiwa thaa. Katika Kiswahili itamfanya aseme thamani akiwa anataka samani, na watu watamwelewa kwa muktadha. Katika Qur'ani jambo ni zito zaidi. Ismu ni jina, na ithmu ni dhambi. Maneno yote mawili yamo katika Suratul Hujuraat, la kwanza katika aya ya 11 na la pili katika aya ya 12 inayoifuata.

Wanaowacheka wenzao na waitazame vizuri aya hiyo ya 11, kwani ndiyo inayokataza watu kuwafanyia wengine stihizai, ikawataja wanawake kwa jina lao mbali na wanaume, na ikakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Mabinti wanaomwita mwenzao Thuthu wameisoma kwa siin iliyonyooka na wameivunja. Mwalimu wao ndiye mwenye jukumu la kuwaonyesha hilo, na ninamwomba alifanye bila ya kumtaja mtoto kwa jina wala kumsimamisha mbele ya darasa. Niliwahi kuona katika madrasa moja, ambayo sitaitaja, mwana akifungwa kitambaa kidoleni na kuamrishwa azunguke mbele ya wenzake. Aliacha kuja kusoma, na kidole hakukiacha.

Huenda bibi akaogopa kwamba swala ya mjukuu na usomaji wake havikubaliwi. Asiogope. Mtoto hajafikia kuandikiwa. Na hata mtu mzima, vitabu vya fiqhi tunavyovisoma huku pwani, kama Minhaj ya Imam Nawawi, vimemzungumzia mwenye kubadilisha herufi kwa udhaifu wa ulimi: suala lao ni la uimamu, kwamba asimswalishe aliye fasaha. Mwenyewe, akiwa hawezi kujirekebisha, swala yake ni sahihi. Akiwa anaweza, humpasa kujifunza. Na imesimuliwa na Bibi Aisha (R.A.) kwamba mwenye kuisoma Qur'ani akitatizika, ikawa nzito kwake, ana ujira mara mbili. Lakini ujira wa mwenye udhuru si sababu ya kumwacha mtoto na udhuru unaotibika.

Nikitoka kwenye meno, yapo madhara mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Kidole hicho hicho ndicho kinachogusa ardhi, mbuzi, viatu na pesa. Mayai ya minyoo hukaa mchangani, na wapo minyoo wadogo mithili ya uzi mweupe wanaotaga usiku kwenye njia ya haja kubwa. Mtoto hujikuna, kisha hunyonya, na mzunguko ukaanza upya. Kuharisha na homa ya matumbo huingia kwa mlango huo huo. Ngozi ya kidole huweza kuwa nene na kupasuka, na ukucha ukaota mdudu wa kidole wenye usaha. Kwa insafu niseme pia kwamba watafiti wa Dunedin, New Zealand, walichapisha mwaka 2016 matokeo yao kwamba watoto waliokuwa wakinyonya vidole au kutafuna kucha walikuwa na mizio michache kidogo walipopimwa ukubwani, pengine kwa sababu miili yao ilizoea vijidudu mapema. Wenyewe watafiti hao hawakumshauri mtu kuihimiza tabia hiyo, nami siihimizi.

Baadhi ya kina mama, kwa kukikimbia kidole, huikimbilia chuchu ya mpira inayouzwa madukani. Ina faida moja juu ya kidole: mzazi anaweza kuitupa, kidole hakitupiki. Na madaktari wa Marekani hueleza kwamba mtoto mchanga anayelala nayo ana hatari ndogo zaidi ya kifo cha ghafla cha usingizini. Ila nayo, ikizidi mwaka wa tatu, huharibu mpangilio wa meno vile vile, watoto wanaoidumisha huumwa masikio mara nyingi zaidi, na ikiingia mapema kabla mtoto hajalizoea ziwa huweza kuuvuruga unyonyeshaji. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika zile hatua kumi za kunyonyesha walizozitangaza mwaka 1989, waliitaja kuwa jambo la kutahadhari. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti biashara ya maziwa ya kopo pamoja na chupa na chuchu zake, ili mama asidanganywe na matangazo.

Ninaloliona baya kuliko chuchu yenyewe ni kinachopakwa juu yake. Wapo wanaoichovya katika sukari, na wapo wanaompa mtoto chupa ya chai tamu alale nayo. Sukari ikikaa juu ya jino usiku kucha, wakati mate yamepungua, meno ya mbele huoza mpaka ufizini kabla mtoto hajatimia miaka mitatu. Asali nayo, pamoja na yote tunayoyajua juu ya shifaa yake, haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Huweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mkubwa hulishinda, na tumbo la mchanga hulishindwa, kikatoa sumu inayolegeza misuli hata ya kuvuta pumzi. Anayetaka kumfanyia mtoto tahniki na atumie tende kama ilivyo katika Sunna, chembe iliyolainishwa, kwa mkono uliooshwa.

Ziwa la mama halina hesabu hiyo. Mtoto hulinyonya kwa kulisukuma taya la chini mbele na kulikandamiza ziwa kwa ulimi kwenye kaakaa. Kazi hiyo hupanua taya na kuipa misuli nguvu. Chupa humiminika yenyewe, na mashavu ndiyo hubana. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la The Lancet yaliuhesabu mpangilio mzuri wa meno kuwa miongoni mwa faida za kunyonyesha. Wenye kusoma aya ya 233 ya Suratul Baqara wanaijua ile miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Na waangalie pia kwamba aya hiyo hiyo imefungamanisha kumlikiza mtoto na ridhaa ya wazazi wawili na mashauriano yao. Hata jambo la kila nyumba kama kumwachisha ziwa, Mola hakuliacha likawa la pupa na ukali.

Kabla ya kurudi kwenye tiba, nina onyo kwa wenye watoto wachanga. Mtoto wa miezi minne au mitano hutia kila kitu kinywani, hutokwa na udende, ufizi wake huvimba, na pengine akapata homa au kuharisha kwa sababu nyinginezo. Wapo wanaomwambia mama kwamba ndani ya ufizi mmeota meno ya nailoni, au ya plastiki, yapasayo kung'olewa. Dhana hii ilienea Tanzania katika miaka ya 1980, na imeandikwa na watabibu Kenya na Uganda pia. Mganga huchimba ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli, akatoa kitu cheupe na laini akakionyesha. Kitu hicho ni chipukizi la chonge, jino lenyewe kabla halijakomaa. Mtoto hupoteza damu, huingiwa na vijidudu, wengine wamekufa. Na anayepona mara nyingi jino lake la kudumu hutoka limeharibika au lisitoke kabisa. Meno ya nailoni hayapo. Mtoto mwenye homa na kuharisha mpelekeni zahanati, mumnyonyeshe, mumpe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa huko kwa vipimo.

Sasa, mama yetu wa Kivaa. Pilipili iache leo. Inaunguza macho na midomo, na mtoto hujifunza kwamba mkono unaomlisha ndio unaomchoma. Shubiri si haramu wala haina dhara kubwa, na bibi zetu waliitumia kulikizia, lakini haifanyi kazi kwa mtoto ambaye hajakubali kuacha. Kwa aliyekubali, huwa ukumbusho wa kumzindua mkono unapokwenda kinywani bila ya kujua. Basi anza na kukubali. Mtoto wa miaka sita anafahamu. Mkalishe mbele ya kioo siku ambayo hakuna hasira, mwonyeshe meno yake, mwambie haya mapya yanayokuja ndiyo atakayoyazeekea, na umuulize kama angependa msaada wako. Anas (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, tangu akiwa mvulana, na akasimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la kuchoshwa. Mtoto aliyetendewa hivyo hukubali mengi.

Tazama pia nyakati. Kama kidole huja njaa ikibisha, mpe chakula mapema. Kama huja akikaa bure, mpe ndengu za kuchambua, uzi wa kusuka, chochote kinachotaka mikono miwili. Usiku, ambao ndio mzizi, mvishe soksi safi mkononi au kitambaa kilichofungwa kwa ulegevu kwenye kiwiko ili mkono usikunjike kwa wepesi, na avishwe kwa hiari yake, yeye mwenyewe akinyoosha mkono. Kila asubuhi aliyoamka kidole kikavu, atie alama kwenye kalenda. Alama zikifika saba mpe kitu kidogo. Usiku aliposhindwa, usiseme neno.

Linalobaki ndilo gumu, na sitalizunguka. Mtoto huyu aliachwa akiwa na miaka miwili na nusu, katika umri ule ule ambao wenzake walikuwa wakiacha kidole. Alipokosa kifua cha mamake alibakiwa na kidole chake. Sisemi hivi kumlaumu binti yako. Wangapi katika sisi tumesomeshwa kwa fedha za akina mama waliokwenda mbali? Nasema ili kidole kisitolewe bila ya kuwekwa kitu mahali pake. Nimefahamu kutoka kwenye barua kwamba simu za Saudia huwa ni za Ijumaa, na kwamba mama humwambia mtoto, "Hebu fungua mdomo nione hayo meno." Mwambie aache. Badala yake na arekodi sauti yake, robo saa tu, akisoma Ikhlaas, Falaq na Naas kwa utulivu, na kumwita mwanawe kwa jina. Mtoto aisikilize kila usiku kitandani, aviunganishe viganja vyake viwili kama alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.) kabla ya kulala, asome pamoja na mamake, apulizie, kisha ajipanguse kichwa, uso na mwili. Mara tatu. Mikono yote miwili ina kazi, na sauti anayoikosa iko sikioni.

Hayo yafanyeni miezi miwili au mitatu, lakini kwa daktari wa meno msingoje miezi hiyo ipite. Kutoka kwenu Matuu ni karibu kuliko mji wa Machakos. Ulizeni katika hospitali ya Matuu ni siku gani mtabibu wa meno hupatikana, na ikishindikana nendeni Machakos Level 5. Muulizeni mambo matatu: kama meno ya kudumu ya mbele yameanza kutoka, kama taya la juu limekuwa jembamba, na kama mtoto anahitaji kile kichuma kidogo kinachofungwa kwenye magego ya juu na kukaa nyuma ya meno ya mbele, ambacho huondoa raha ya kunyonya. Kichuma hicho si adhabu na hakiumizi. Hukaa miezi kadhaa kikatolewa. Kwa mtoto aliyekoma kunyonya katika umri huu, uwazi wa mbele mara nyingi hujifunga wenyewe meno mapya yanaposhuka. Taya lililobanika huhitaji msaada wa fundi, na ni rahisi zaidi kulipanua akiwa na miaka saba au minane kuliko kumi na mitano. Mkiwa huko huko, ombeni dawa ya minyoo. Mswaki apige asubuhi na usiku, dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi, nawe usimamie.

Ama ile siin, mwalimu asiilazimishe mpaka ukuta wake urudi. Meno yakikutana, mpeni mtoto kioo, afunge meno, aweke ulimi nyuma yake na kupuliza kama nyoka. Aanze na neno alipendalo. Nadhani sote tunalijua litakuwa lipi, na Susu atalisikia jikoni alipo.

Mirathi juma lijalo, inshaallah, tuanzie fungu la mama.

Wabillahi tawfiiq.